Jinsi ya kukagua vinu vya maji vya Shetland mpaka uvielewe

Wengi wakifika Huxter, pale Sandness magharibi ya Shetland, visiwa vya kaskazini mwa Scotland, wanapiga picha ya vile vibanda vitatu vya mawe, ndo vinu vyenyewe vya kusagia nafaka kwa nguvu ya maji, na bahari nyuma yake halafu hao, wameondoka. Inauma kwa kweli, maana ukiyafuata maji kila kitu kinajieleza chenyewe.

Usianzie mlangoni. Panda juu kwanza, fuata kijito kinakotokea kule ziwani, uone mfereji ulivyochepusha maji, msagaji akitaka kusimamisha kinu alikuwa anaufunga tu maji yanarudi njia yake. Na cheki maji yakitoka kinu cha kwanza yanashuka kwenda kuzungusha cha pili na cha tatu, kijito chenyewe kidogo tu.

Sasa inama uchungulie chini ya kibanda, hapa ndo penyewe. Gurudumu halijasimama, limelala kama pangaboi, mapanga yake ya mbao yamechomekwa kimshazari ili maji yakija kwa kasi yayasukume. Hakuna gia hata moja! Mhimili unapanda wima, unapita katikati ya jiwe la chini ambalo halisogei, unalishika jiwe la juu kwa kipande cha chuma, yaani gurudumu likizunguka mara moja na jiwe nalo mara moja.

Ndani tafuta mti uliotokeza sakafuni karibu na mawe. Huo unainua ama kushusha boriti iliyobeba mhimili, jiwe la juu linapanda au linashuka kidogo sana, ndo unapata unga laini au chenga. Juu ya mawe kuna kasha la nafaka linaloning'inia, na kijiti kinacholala juu ya jiwe, jiwe likizunguka kijiti kinarukaruka ta-ta-ta kinatikisa mdomo wa kasha, shayiri inadondoka kidogo kidogo. Maji yakiongezeka kasi nafaka nayo inaongezeka bila mtu kugusa kitu, mi hapo ndo naona akili ya hawa watu.

Vifaa vya ndani havijabaki vyote kila mahali, so ukitaka kingine cha kulinganisha nenda Dounby kule visiwa vya Orkney, au Shawbost kisiwani Lewis, zote Scotland hukohuko, na Shawbost kuna na kibanda cha kukaushia nafaka, maana kwa unyevu wa kule shayiri ilikuwa lazima ikaushwe kwa moto kabla ya kusagwa.

Vaa mabuti, nyasi zinateleza. Geti ukilikuta limefungwa lifunge tena ukipita, kuna kondoo.