Mashini ya Mezani Inayobloke: Namna ya Kutafuta Ugonjwa Kabla ya Kununua Kipande

Mashini yangu, yaani kompyuta ya mezani, niliiunga mwenyewe mwaka 2013, kipande kimoja kimoja, kadiri pesa ilivyopatikana. Prosesa ni i5-3470, rami (kumbukumbu ya kazi) mbili za giga nne, diski ya giga 500, na kasha lililokwisha kutumiwa na watu wawili kabla yangu. Volkano ya Nyiragongo, karibu na mji wetu wa Goma, ilipolipuka tarehe 22 mwezi wa tano 2021, na siku chache baadaye tukaambiwa tuhame, niliifunga kwa blanketi nikaipandisha pikipiki hadi Sake. Mama mkwe alinitazama tu, hakusema neno. Tuliporudi Goma ikaanza kubloke, yaani kuganda ghafla.

Nikanunua rami mpya. Haikuwa rami. Nikaweka Windows upya, mara mbili. Haikuwa Windows. Feni ya prosesa hushikwa na miguu minne ya plastiki, na mmoja ulikuwa umechomoka kwenye tundu lake kwa mitikisiko ya barabara ya makoro. Feni ilikuwa imeinama kidogo sana, kiasi kwamba ukitazama haraka huoni. Dola nilizotoa kwa ile rami sikurudishiwa.

Ndiyo maana siku hizi nikiletewa mashini inayobloke, siishiki kwanza. Ninamuuliza mwenyewe: inabloke namna gani, saa ngapi, ukiwa unafanya nini? Wengi wanajibu «inabloke tu». Basi mrudishe nyumbani na daftari, aandike kwa siku tatu.

Hatua ya 1: Tazama inavyoganda

Ikiganda, usikimbilie kuizima. Bonyeza Num Lock kwenye klavye na uangalie taa yake ndogo. Taa ikiwaka na kuzimika unavyobonyeza, mashini bado ina uhai ndani. Huenda ni programu au diski inayomchelewesha kila mtu. Taa isipobadilika, kipanya hakitembei, na sauti ya muziki imebaki inarudia mlio mmoja kama nyuki, hapo shaka iende kwa chuma: rami, joto, umeme, au kadi ya picha.

Kuna namna ya tatu: kipanya kinatembea vizuri, lakini ukibonyeza kitu hakifunguki, na taa ya diski mbele ya kasha imebaki imewaka bila kupepesa. Hiyo karibu kila mara ni diski au waya wake. Na skrini ikiwa nyeusi huku sauti inaendelea, anza na kadi ya picha na draiva yake, ile programu inayoiendesha.

Kabla ya kuendelea, nakili mafaili yako kwenye diski ya nje. Leo, usingoje kesho. Kama shida ni diski, kila siku unayoiwasha unaipunguzia maisha.

Hatua ya 2: Vumbi na joto

Watu wa hapa wanadhani joto si shida yao, kwa sababu tuko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari na jioni tunavaa sweta. Baridi ya nje haimsaidii mtu aliyefunikwa blanketi. Vumbi letu ni la mawe ya volkano, jeusi, lenye chembe kali. Linaingia katikati ya mapezi ya alumini chini ya feni na kuganda kama zulia. Juu unaona feni inazunguka, chini hakuna hewa inayopita.

Zima, chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwasha sekunde kumi ili umeme uliobaki uishe. Toa kasha nje kwenye baraza, si chumbani. Tumia brashi ya rangi ambayo haijawahi kuguswa na rangi. Kama unaenda kwa vijana wa gareji wenye kompresa, waambie kwanza wamwage maji yaliyomo ndani ya tangi, wapulize kwa mbali, na wewe ushike feni kwa kidole isizunguke. Feni inayopulizwa kwa nguvu inaharibu beringi zake, na inaweza kurudisha umeme kwenye bodi, lile bamba kuu linalounga vipande vyote.

Sasa sukuma feni ya prosesa taratibu kwa pembe zote nne. Isicheze. Ikicheza, ndiyo ile shida yangu ya safari ya Sake. Hizi za miguu ya kubonyeza unaziachia kwa kuzungusha kila mguu robo kufuata mshale. Ukirudisha, bonyeza kwa mshazari: mmoja, kisha wa upande mwingine, kila mmoja mpaka usikie «tak». Halafu pindua bodi, au tazama kwa nyuma kama kasha lina dirisha, uhakikishe plastiki zote nne zimetokea.

Ukishaitoa feni, lazima ubadilishe pasta ya joto. Futa ile kavu kwa pombe ya famasi na kitambaa kisichoacha nyuzi, weka mpya kiasi cha punje ya mchele katikati. Dawa ya meno si pasta ya joto. Nasema hivyo kwa sababu nimeikuta mara mbili, moja ikiwa ya kijani. Siku za kwanza inapoza, kisha inakauka na kuwa chokaa.

Pima joto kabla na baada, kwa programu ya HWMonitor au ndani ya BIOS, ule ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla ya Windows. Ikiwa imetulia, nyuzi 35 hadi 50 ni sawa. Ikifanya kazi nzito ikapita 90, bado hujamaliza hatua hii.

Hatua ya 3: Rami

Toa rami zote, sugua meno yake ya shaba kwa kifutio cheupe cha shule, futa, rudisha mpaka vishikio vijifunge vyenyewe. Mashini nyingi zinapona hapa, na mwenyewe hajui amefanya nini.

Isipopona, weka rami moja tu, tumia siku nzima. Kisha badilisha. Kisha jaribu tundu lingine. Anayebadilisha vitu vitatu kwa siku moja, mashini ikipona hajui ni dawa ipi iliyoponya, na ikirudi kuumwa anaanza mwanzo.

Mwenye flashi aweke Memtest86+, programu ya kupima rami, ni ya bure, awashe mashini kupitia flashi na kuiacha usiku kucha. Kosa moja jekundu linatosha kuihukumu rami. Chagua usiku ambao umeme haukatwi, maana ukikatika jaribio linaanza upya.

Hatua ya 4: Umeme

Hapa ndipo Goma inapotofautiana na video nyingi unazotazama. Zile video zinadhani ukutani kuna volti 220 saa zote.

Mwalimu mmoja wa Katindo aliniletea mashini iliyokuwa ikibloke kati ya saa moja na saa tatu jioni. Mchana, hapana. Kwangu, hapana hata kidogo, nikakaa nayo siku nne. Nikaenda kwake jioni na multimeta, kile kipimo cha umeme: ukutani volti 165. Kila nyumba ya njia ile ilikuwa imewasha jiko na pasi kwa pamoja. Halafu jirani, mchomelea vyuma, akaanza kazi, taa ikafifia, mashini ikaganda mbele ya macho yetu. Alimantasio (kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kasha) mpya na nzuri ingevumilia. Yake ilikuwa na miaka tisa, na kapasita zake zimechoka, kwa hiyo umeme ukishuka hata nukta moja haina akiba ya kujaza pengo.

Pima wewe mwenyewe. Kwenye tundu la ukutani, saa ile ile inayobloke, ukiwa mwangalifu, maana huo umeme unaua. Halafu mashini ikiwa inafanya kazi nzito, ingiza ncha za multimeta kwenye plagi ya akiba yenye nyaya nne: waya wa njano na mweusi usome kati ya volti 11.4 na 12.6, mwekundu na mweusi, kati ya 4.75 na 5.25. Ikitoka nje ya hapo, au ikicheza-cheza, alimantasio ibadilishwe. Usiifungue yenyewe. Ndani kuna kapasita zinazoshika umeme mkali hata baada ya kuchomoa waya.

Ukiwa hapo na tochi, tazama kapasita za bodi, vile vikopo vidogo karibu na prosesa. Kichwa kiwe tambarare. Kikivimba au kikitoa majimaji ya kahawia, umepata mgonjwa. Bodi nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikufa hivyo.

Stabilizateri na ondileri si kitu kimoja. Stabilizateri inanyoosha volti zinazopanda na kushuka. Ondileri inakushikia dakika chache umeme ukikatika. Kwa mwalimu tuliweka stabilizateri na alimantasio nyingine.

Hatua ya 5: Diski

CrystalDiskInfo, programu inayosoma afya ya diski, itakuonyesha orodha ya namba. Angalia 05, C5 na C6, zinazohesabu sehemu mbovu za diski: zikiwa na thamani yoyote inayopanda wiki hadi wiki, nunua diski nyingine. C7 ikipanda, usilaumu diski, badilisha kwanza waya wa SATA, ule unaounga diski na bodi. Ni dola chache sana.

Hatua ya 6: Chuma au programu?

Tengeneza flashi ya Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, kwa mfano Mint, washa mashini nayo bila kuweka chochote kwenye diski, tumia saa mbili. Ikiganda na huko, Windows haina kosa. Isipoganda, rudi kwenye draiva, antivirusi mbili zinazogombana, au diski yenyewe, maana wakati huo diski ilikuwa imepumzika.

Maswali ya wanakikundi, kutoka mitaa ya Goma

*Kutoka Majengo: Mukubwa, alimantasio yangu ina kibatani chekundu nyuma, 115 na 230. Kwa kuwa jioni umeme ni mdogo, nikiweka 115 si itapata nguvu?*

Usiguse, ndugu yangu! Ukiweka 115, hata zile volti chache za jioni zinaweza kuizidi nguvu. Saa tano usiku watu wakizima majiko, volti zinarudi 220, na utasikia mlipuko. Kibatani kibaki 230 siku zote. Bandika skochi juu yake kama una watoto.

*Mama mmoja mwenye sekretariati Birere: Yangu inabloke nikifungua Word, skana na WhatsApp pamoja, wateja wamesimama. Taa ya diski inawaka tu. Nikingoja dakika mbili inarudi.*

Mama, ikirudi yenyewe haijabloke, imezidiwa mzigo. Una rami kiasi gani?

*Giga mbili. Windows 10.*

Ndiyo hiyo. Rami ikijaa, mashini inaenda kuandika kwenye diski, na diski ya kuzunguka ni mtumishi mzee. Ongeza rami ifike giga nane kama bodi inakubali, na Windows ihamishiwe kwenye SSD, diski isiyozunguka, ya giga 240. Ukinunua rami, nenda na ile ya zamani mkononi: DDR2 na DDR3 pengo lake la katikati haliko mahali pamoja, hazibadilishani. Na ujue Windows 10 iliacha kupewa marekebisho ya usalama ya kawaida tangu tarehe 14 mwezi wa kumi 2025, kwa hiyo flashi za wateja zipime kabla ya kufungua.

*Mwanafunzi, Himbi: Kaka, kila nikiwasha tarehe inarudi nyuma miaka mingi, na intaneti inakataa kurasa. Ndiyo inayofanya igande?*

Kuganda, sidhani. Tarehe na kurasa, ndiyo: betri ya bodi imekwisha. Ni CR2032, kama sarafu, inauzwa hata kwa wauza saa. Mpya inasoma volti 3 au zaidi kidogo. Ukishaiweka, ingia BIOS urekebishe saa, na uangalie kama mipangilio ya diski haijabadilika, maana wengine baada ya hapo Windows inakataa kuwaka wakadhani wameua mashini.

*Ndosho: Nikigusa kasha kwa mguu mtupu inanichoma kidogo kama sindano. Ni hatari?*

Nyumba yako haina waya wa ardhi, au upo na haufiki mahali. Ndani ya alimantasio kuna kichujio kinachomwaga umeme kidogo kwenye kasha, kikitegemea ardhi iuchukue. Huku kwetu chini ni lava, kupigilia fimbo ya ardhi ni kazi ya siku mbili, na mwamba mkavu haupitishi umeme vizuri, kwa hiyo mafundi wengi wanaruka hatua hiyo. Kuchoma kama sindano ni kichujio. Kukurusha ni kitu kingine kabisa: chomoa, usiiwashe tena mpaka fundi wa umeme aje. Kwa sasa vaa kandambili, na usichomeke printa wala skrini mashini ikiwa imewaka.

*Katoyi: Papa fundi, nimefuata yote. Kapasita tatu zimevimba karibu na prosesa. Bodi ni ya tundu la prosesa la 1155 kama yako. Nizibadilishe au ninunue bodi?*

Kama una mkono wa kuchomelea, weka kapasita zenye mikrofaradi sawa, volti sawa au zaidi, zilizoandikwa 105°C, na zenye ukinzani mdogo wa ndani, zile fundi wa redio anajua kuziita «low ESR». Angalia upande wa mstari mweupe kabla ya kutoa ya zamani, piga picha. Bodi mpya ya 1155 hutaipata, utapata iliyotumika, na haujui imepitia nini. Mimi kwa bei ya bodi hiyo ningetafuta kompyuta nzima ya ofisi iliyotumika, nikahamisha diski na rami. Wako una rami ya aina gani?

*DDR3, giga nne mbili. Na miguu ya feni niliisukuma, mmoja unacheza.*

Anza na huo mguu kesho asubuhi, kapasita zingoje.