Babu Mgiriki wa mkonge? Anza na jina la kijiji

Wenzangu wa Tanga mnaosema "babu yetu alikuwa Mgiriki wa shamba la mkonge", kabla hamjampa wakala wa kuwatafutia uraia wa Ugiriki hata shilingi, tafuteni jina la kijiji au manispaa alikoandikishwa kule Ugiriki. Uraia wao hufuata damu, na familia huandikwa kwenye daftari la manispaa yake. Bila jina hilo utazungushwa tu. Pekua pasipoti ya zamani, cheti cha ubatizo, barua zilizolala kwenye sanduku la shangazi.

Kazi kubwa ni majina. Kule baba akiitwa Papadopoulos, binti yake huandikwa Papadopoulou, wala si kosa. Ila karani wa huku aliandika alivyosikia. Shangazi yangu ana majina matatu kwenye karatasi tatu! Andika tofauti zote mapema, umpelekee wakili akuandalie kiapo.

Halafu vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa, kizazi kwa kizazi, bila kuruka. Vya kuzaliwa vya huku ni RITA, wakala wa serikali wa usajili. Kama babu na bibi hawakuoana (na wengi hawakuoana, tusifichane), utaulizwa ushahidi kwamba babu alimtambua mtoto kisheria.

Ila jueni hili: kwa Sheria ya Uraia ya 1995, Mtanzania mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari, wa Tanzania anaupoteza. Mimi karatasi ninazo zote. Fomu sijajaza.