Kutuma mchoro kwenye shindano la mji mwenyeji wa michezo: yanayokutoa kabla majaji hawajauona

Fomu haina shida: jina, umri, anwani, maelezo mafupi ya mchoro. Kinachowatoa wachoraji wazuri kiko kwenye masharti ya shindano, kwa hiyo yasome yote kabla hujashika penseli.

Kubwa kuliko yote ni alama. Pete tano za Olimpiki hazitumiki bila ruhusa, hata ukizichora kwa mkono au kuzibadili rangi. Zinalindwa na mkataba uliosainiwa Nairobi mwaka 1981, pamoja na sheria za nchi nyingi. Kombe la Dunia ni hivyohivyo: FIFA inalinda nembo zake na umbo la kombe lenyewe. Jezi nazo hubeba nembo za shirikisho na za mtengenezaji, basi chora jezi tupu. Rangi peke yake inatosha kumtambulisha mchezaji. Alama hizi ziweke tu pale masharti yanaporuhusu kwa maandishi.

Majengo maarufu pia yana mitego. Mnara wa Eiffel hauna tena hakimiliki, lakini taa zake za usiku zinayo. Ukiwa na shaka juu ya jengo, waulize waandaaji kwa baruapepe na utunze jibu lao.

Kwa kweli mji hauhitaji mnara ili utambulike. Rangi ya mabasi, ngazi za stesheni, kivuli cha daraja kikiangukia njia ya mkimbiaji: hapo ndipo mchoro unapopata uhai, na hapo ndipo mji na mchezo vinapokuwa kitu kimoja. Mpira uliobandikwa juu ya picha ya majengo hausemi lolote. Ukimaliza, upunguze mchoro hadi upana wa pikseli 200. Kama hujui tena ni mchezo gani, majaji wanaopitia picha ndogondogo kwenye skrini hawatajua pia.

Sasa faili. Bango la A3 (milimita 297 kwa 420) kwa nukta 300 kwa inchi ni pikseli 3,508 kwa 4,961. Wakidai milimita 3 za kukatwa kila upande, anza na milimita 303 kwa 426, na maandishi yakae mbali na ukingo. Kukuza faili dogo mwishoni hakuongezi undani, kunaleta ukungu tu. Mchoro wa karatasi ya A4 utakaokuzwa hadi A3 uskani kwa nukta 600. Kama utachapishwa, tengeneza mapema nakala ya CMYK (mfumo wa rangi nne za wino wa kuchapia), kwa sababu kijani kinachong'aa na bluu kali hufifia pale. Ni afadhali uzirekebishe mwenyewe kuliko kumwachia mchapaji.

Kisha kifungu cha haki, ambacho wengi hukiruka. Leseni ya kutumia mchoro kwa shindano na maonyesho ni jambo la kawaida. Kukabidhi haki zote, tena kwa kila aliyeshiriki hata asiposhinda, ni jambo jingine: mchoro wako unaweza kuuzwa kwenye fulana usipate kitu. Mimi kifungu hicho nikikiona, situmi.

Saa ya mwisho kwa kawaida ni ya mji mwenyeji, si ya kwako. Tuma siku mbili kabla, hifadhi ujumbe wa uthibitisho, na faili lenye tabaka zake zote (sehemu za mchoro zilizopangwa moja juu ya nyingine kwenye programu) usilifute, kwani washindi huweza kuombwa hilo.