SOMO: Saa ya kupima presha, namna ya kuitumia isikudanganye na isigawe taarifa zako

Kila wiki natumiwa picha ya saa inbox, "mkuu inasoma 118/76, niache dawa?" Hapana, dawa haiachwi kwa sababu ya saa. Naandika mara moja hapa, atakayeuliza tena namtumia hii.

Kwanza tuelewane, saa nyingi hazipimi presha. Ile taa ya kijani chini yake inaangalia damu inavyopita kwenye ngozi, halafu apu inakisia namba. Kinachopima ni mashine yenye mkanda, ule unaojaa hewa ukabana mshipa ukaachia. Zipo saa chache zenye mkanda wa hewa ndani yake, kama Omron HeartGuide na Huawei Watch D, hizo ni kundi jingine. Apple Watch yenyewe haikupi namba kabisa, inaangalia mwenendo wa siku 30 kisha inakuonya ikiona dalili za presha ya juu. Zile za mezani Kariakoo ndo tatizo, moja niliifunga kwenye chupa ya maji ikanisomea 121/79. Chupa.

HATUA 1. Nunua mashine ya mkanda, ya mkono wa juu. Angalia kama imo kwenye orodha ya STRIDE BP mtandaoni, ya mashine zilizothibitishwa usahihi wake, ni bure.

HATUA 2. Nusu saa kabla ya kupima usinywe kahawa wala kuvuta sigara. Nenda haja ndogo, kaa kwenye kiti chenye mgongo dakika 5, miguu chini usiikunje nne, usiongee. Pima mara mbili, pumzisha dakika moja katikati.

HATUA 3. Linganisha saa na mashine. Hapa soma taratibu maana hapa ndo niliharibu. Saa za aina hii zinataka uziingizie vipimo vya mashine ndo zijue pa kuanzia, Samsung Galaxy Watch kwa mfano inataka vipimo vitatu na urudie kila siku 28. Mimi saa yangu niliilinganisha kwa mkono wangu, wakati huo presha yangu iko vizuri tu. Siku moja mama akaja anasema kichwa kinamgonga kisogoni tangu asubuhi, nikavua saa nikamfunga, ikasoma 124/80. Nikamwambia mama uko sawa ni uchovu, kunywa maji ulale. Jioni dada yangu hakuridhika akampeleka zahanati, mashine ikasoma 178/104. Saa haikuharibika, ilikuwa inakisia kuanzia kwenye namba ZANGU, ndo maana mama alipata presha ya mwanaye. Ile "uko sawa" niliyomwambia bado naisikia mpaka leo. Kwa hiyo:
- Saa moja mtu mmoja. Usimfunge mzazi wala jirani.
- Usilinganishe umetoka kupanda ngazi au kugombana na mtu, kosa la siku hiyo utatembea nalo mwezi mzima.
- Mkanda ukae kwenye ngozi, sio juu ya shati la mikono mirefu.
- Ukibadilishiwa dawa, linganisha upya.

HATUA 4. Mkono uwe usawa wa moyo, uweke juu ya meza. Ukishuka sm 10 tu chini ya moyo namba inapanda kama 7 au 8.

HATUA 5. Apu. Boksi likiwa na QR inayokupeleka kupakua faili nje ya Play Store, acha. Ikiomba SMS, maikrofoni na picha, kataa, presha haihitaji picha zako. Usijisajili kwa namba ya simu unayotumia kwa pesa kama barua pepe inakubalika. Na ukiiuza saa, kuirudisha kiwandani hakufuti kilichoko kwenye seva, ingia kwenye apu ufute akaunti kwanza ndo uuze.

HATUA 6. Andika vipimo vya mashine kwenye daftari, daktari atasoma hilo. Wastani wa nyumbani ukifika 135/85 nenda kamwone.

MASWALI

Bonge_la_Tabata: Mkuu somo refu, niambie tu saa ipi kali chini ya laki
— Hatua 1.

Bonge_la_Tabata: Hiyo ni mashine sio saa
— Ndiyo.

NeemaK: Kaka samahani, apu yangu inalazimisha location, nikikataa saa haiungi. Ni wizi?
— Swali zuri dada. Sio lazima iwe wizi. Android kabla ya 12 apu haikuweza kutafuta kifaa cha Bluetooth bila ruhusa ya mahali, kuanzia 12 ikawekwa ruhusa yake ya vifaa vya karibu. Kama simu yako ni ya zamani mpe "wakati natumia apu" tu, usimpe muda wote. Ikiomba na majina yaliyoko kwenye simu, ni ili saa ikuonyeshe nani anapiga, ukikataa presha haibadiliki.

Otieno_Kisumu: Na sheria inasema aje? Hawa wenye apu wako China
— Kwenu Kenya kuna sheria ya kulinda taarifa binafsi ya 2019, kwetu Tanzania ya 2022, na taarifa za afya zote mbili zinazihesabu nyeti. Ila kumfuata mtu asiye na ofisi hapa ni kazi kweli, bora usimpe tangu mwanzo.

mzee_wa_data: Unatisha watu, yangu iko sahihi nimelinganisha na ya hospitali zikafanana
— Mara ngapi?

mzee_wa_data: Mara moja
— Presha ilikuwa ya kawaida siku hiyo? Saa inayokisia 120 kwa kila mtu itafanana na watu wengi tu. Ijaribu siku imepanda.

MamaTwins: Nina mimba miezi 7, naweza kuitegemea?
— Hapana dada yangu, mimba usitumie saa kabisa. Nenda kliniki kila tarehe yako. Kichwa kikiuma sana, ukiona maluweluwe au uso ukivimba usisubiri tarehe, nenda leo hiyo hiyo hata usiku.

NeemaK: La mwisho kaka, nilichorwa piko mpaka kwenye kifundo, saa ikagoma kusoma
— Rangi nzito inaziba mwanga, tatoo pia hivyo hivyo. Hamishia mkono mwingine, ila iambie apu umebadilisha mkono na ulinganishe upya. Na kama mkono wako umejaa nunua mkanda mkubwa wa mashine, mdogo unapandisha namba bure.

NeemaK: Mama yako anaendeleaje?
— Yupo, anameza dawa. Mashine iko kwake sasa, mimi nimebaki na saa.