Mombasa hadi Guangzhou: piga hesabu ya kilomita na masaa mwenyewe

Mimi nakatia watu tiketi hapa Mombasa, wengi ni wafanyabiashara wanaoenda Guangzhou, China, kuchukua mzigo, na kila siku naulizwa ni masaa mangapi. Watu wanachukua saa ya kufika kwa tiketi, wanapunguza saa ya kutoka, jibu linakuja la uongo. Fanya hivi.

Hatua ya 1: Fungua Google Maps kwa simu, bonyeza uwanja wa ndege wa Moi pale Port Reitz bila kuachilia mpaka alama nyekundu itoke, chagua kupima umbali, vuta ramani hadi uwanja wa Guangzhou. Utapata kama kilomita 8,540. Mstari ukipinda usishtuke, dunia ni ya mviringo na ramani imelazwa bapa, hiyo ndo njia fupi.

Hatua ya 2: Sasa pima kipande kwa kipande, manake utaunganisha ndege mahali. Kupitia Nairobi ni 420 halafu 8,680. Kupitia Addis Ababa ni 1,450 na 8,040, kupitia Dubai 3,675 na 5,830, yaani ukijumlisha, hizi mbili za mwisho zinakaribia kulingana kabisa, kwa hivyo hapo angalia masaa ya kusubiri uwanjani, kilomita achana nazo.

Hatua ya 3: Kila kipande gawanya kwa 850, ndo mwendo wa ndege kubwa kwa saa, uongeze nusu saa ya kupaa na kutua. Nairobi hadi Guangzhou inakuja masaa 10 na dakika kama 45. Kurudi ongeza kidogo, kule juu upepo mwingi unatoka magharibi, ukienda unakusukuma mgongoni, ukirudi unakupiga kifuani.

Hatua ya 4: Saa za tiketi ni za pale ndege ilipo, na China wako mbele yetu masaa 5. Tuseme unatoka Nairobi 23:30, yaani saa tano na nusu usiku, unafika 15:20 kesho yake. Ukitoa unapata 15 na dakika 50, punguza 5, umekaa angani 10 na dakika 50.

Hatua ya 5: Hii tafadhali soma mara mbili. Mama mmoja wa Majengo alikatiwa tiketi kwingine, 00:40 Jumatatu, akaenda uwanjani Jumatatu usiku na mabegi yake yamefungwa vizuri na kamba, ndege ilishaondoka usiku uliotangulia. Iliniuma sana, pesa ya mtaji ile. 00:40 ni saa sita na dakika 40 usiku wa kuamkia Jumatatu, kwa hivyo unatoka nyumbani Jumapili. Shika hesabu ya wazee wetu, wao wakisema usiku wa Ijumaa ni Alhamisi jua likishatua, na tiketi ya saa hizo ukiisoma hivyo haikupotezi. Mimi nikimpa mtu karatasi yake naandika juu kwa kalamu nyekundu: JUMAPILI, UKISHASWALI ISHA UWE UWANJANI. Na kama unatoka Likoni na unavuka kwa feri, ongeza saa nzima.