Kwenda Bodnant kuona maua: chagua ua kwanza, tarehe baadae

Kama unaishi Uingereza au unakuja kumtembelea ndugu huku kuanzia mwezi wa tatu mpaka wa sita, tenga siku moja uende Bodnant Garden, kaskazini mwa Wales, sio mbali na mji wa Conwy. Ila usiseme tu "ntaenda kipindi cha maua", maana maua hayachanui yote siku moja, kila ua lina zamu yake na ukikosea wiki mbili umekuta majani matupu.

Mwezi wa tatu ni dafodili za njano, na magnolia nazo zinaanza, ile miti yenye maua makubwa. Hizi magnolia usizichezee, umande ukiganda usiku mmoja tu asubuhi petali zote kahawia, kwahiyo ukisikia zimechanua usisubiri wikendi ijayo. Mwezi wa nne na wa tano ni vichaka vya maua vya azalea na rododendroni, alafu mwishoni mwa wa tano kuingia wa sita ndo laburnamu, mti wa maua ya njano, na mi nakwambia kabisa kama una siku moja tu kwa mwaka nenda ya laburnamu.

Laburnamu ya Bodnant ni njia ya kutembea kwa miguu, urefu mita 55, miti imefungwa juu ya vyuma ikapinda ikawa kama paa, ilianza miaka ya 1880 wakati wa Henry Pochin aliyenunua hilo shamba mwaka 1874. Vichala vya njano vinaning'inia mpaka karibu na kichwa, nyuki wanavuma juu yako, na mwanga wenyewe unakuwa wa njano hadi kwenye ngozi ya mikono unauona. Nilimpeleka mama, akasimama katikati akavua miwani akainua uso, hakusema kitu muda mrefu.

Kama una watoto, wakataze kabisa kuweka mdomoni chochote cha mti huu, mti mzima ni sumu, na maganda yake yanayokuja baada ya maua yanafanana sana na ya maharage.

Usafiri: treni mpaka Llandudno Junction, kisha basi au teksi, ila ukipanda basi angalia kwanza saa zake za kurudi kabla hujatoka nyumbani. Bustani iko chini ya National Trust, shirika linalotunza bustani na majumba ya kale, tangu 1949, mwenye kadi yao ya uanachama anaingia bila kulipa. Jumba lililomo humo utaliona kwa nje tu, halifunguliwi kwa wageni. Vaa viatu vya kushika chini na beba koti la mvua hata kama kumekucha jua.

Fika mlango ukifunguliwa, na nenda kwenye laburnamu moja kwa moja kabla watu hawajajaa. Ukishatosheka ndo ushuke bondeni kule wanakoita The Dell, kuna kijito na miti mirefu sana ya jamii ya misonobari, kuna ubaridi, kaa hata nusu saa. Kupanda kurudi kuna mlima, kama una mzee mpumzishe njiani. Alafu kabla ya kuondoka pita tena kwenye laburnamu ukitokea ule upande wa pili, mchana jua limehama na vile vichala vilivyokuwa kivulini asubuhi ndo vinawaka.