Kuchuja kahawa kwa kumimina nyumbani: anza na maji

Nilipokuwa Arusha nilikuwa naepua birika likichemka na kumimina hapo hapo, kahawa inatoka safi. Nikahamia Dar es Salaam na kahawa ileile, karatasi zilezile, na kikombe cha kwanza kikawa kichungu hadi ulimi ukakauka. Wiki nzima nikailaumu kahawa. Kumbe ni maji. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi; Dar yanafika 100. Sisi tunataka kati ya 92 na 96.

Vifaa: koni ya kuchujia, karatasi zake, mzani wa jikoni na saa ya simu. Koni ya plastiki inatosha, tena haili joto kama ya kauri. Birika la mdomo mwembamba ni zuri, ila mimi mwaka wangu wa kwanza wote nilimimina kwa buli la chai.

Hatua ya 1: Maji. Ya kisima yenye chumvi yaache, yanaua ladha. Chemsha nusu lita. Ukiwa pwani, epua, funua kifuniko, subiri dakika moja. Ukiwa Arusha, Nairobi au Mbeya, usisubiri.

Hatua ya 2: Saga. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kahawa ya dukani iliyosagwa kwa ajili ya kahawa chungu ni laini kama poda. Ukiitia kwenye karatasi, maji yanasimama juu kama dimbwi na yakishuka yameshakuwa machungu. Nunua punje nzima zilizokaangwa, pima gramu 15, saga wakati huo huo. Ukiisugua kwa vidole iwe kama chumvi ya mezani, isigande kama unga wa ngano. Huna mashine? Twanga kwenye kinu taratibu, kidogo kidogo, kisha chekecha kwa chujio la chai. Chembe zinazobaki juu zirudishe kinuni. Huna mzani? Vijiko vitatu vya chakula, vya kusawazisha, vinakaribia gramu 15.

Hatua ya 3: Karatasi. Kunja ukingo wake, iweke kwenye koni, imwagie maji ya moto hadi ilowe yote. Maji hayo yamwage. Ukiruka hatua hii utakunywa ladha ya boksi.

Hatua ya 4: Mmimino wa kwanza. Weka koni juu ya kikombe, kikombe juu ya mzani. Tia kahawa, isawazishe, rudisha mzani kwenye sifuri, washa saa. Mimina maji gramu 45 tu, kisha acha sekunde 40. Inama utazame: kahawa iliyokaangwa karibuni inaumuka kama unga wa maandazi uliotiwa hamira, vipovu vinapasuka kimoja kimoja. Ni hewa ya kaboni dioksidi inayotoka, na isipotoka inazuia maji kuingia kwenye chembe. Kahawa ikikaa kimya, bila kupanda, ujue ni ya zamani. Iliyokaangwa jana nayo ina hewa kupita kiasi. Mimi huiacha wiki moja.

Hatua ya 5: Endelea. Mimina kwa mzunguko kutoka katikati, mkono mwepesi, bila kupiga kuta za karatasi. Fika gramu 150, acha yashuke kidogo, malizia hadi 240 kabla ya dakika ya pili. Maji yote yawe yameshuka kwenye dakika ya tatu, au kupita kidogo.

Sasa onja, bila sukari kwanza. Ikiwa imeshuka chini ya dakika mbili na ni chachu, kesho saga laini zaidi. Ikivuka dakika nne na kuacha ukakasi kooni, saga nene. Badilisha kitu kimoja tu kwa siku, la sivyo hutajua kipi kimekusaidia. Ila kahawa ya Nyeri ina uchachu wake wa asili. Huo usiupige vita.

Mjomba wangu, mtu wa kijiweni, alionja kikombe changu akaniuliza chai hii ya wapi. Yeye namchemshia kwenye mdila, na tangawizi.

Ukichuja ya wageni, usiibandike tena jikoni ipate moto, itaungua. Itie kwenye chupa ya chai iliyosuuzwa kwa maji ya moto, na hakikisha chupa hiyo haijawahi kutiwa chai ya maziwa.